Jua halina swichi

Haya ni maneno niliyoyasema Makambako mbele ya mafundi umeme, wenye nyumba na vijana wa VETA. Waliokosa kuja wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Kamwene!

Kamwene, wazee wangu, na shikamooni. Kina mama, habari za asubuhi? Vijana mliojazana dirishani, ingieni ndani, viti bado vipo huku mbele. Anayekaa mbele haulizwi maswali mengi kuliko wa nyuma, msiogope.

Kabla sijaanza, nani hapa ana sola nyumbani kwake? Inueni mikono nione. Sawa, ni wengi. Shusheni. Sasa swali la pili: nani kati yenu akifika nyumbani leo anaweza kuninyooshea kidole na kusema, "Hapa ndipo ninapozikata paneli, hapa ndipo ninapoikata betri, na hapa ndipo inveta yangu inapoachana na umeme wa TANESCO"? Inueni tena. Mnaona wenyewe. Mikono imepungua, na iliyobaki mingi ni ya mafundi.

Basi hicho ndicho kilichonileta. Sola naipenda, imenilisha na imesomesha watoto wangu. Lakini nina neno moja ambalo nikilisema likaeleweka nitaondoka hapa nimeridhika. Nyumba yenye sola ina vyanzo vya umeme viwili au vitatu, na kila chanzo kina tabia yake. Paneli ina yake, betri ina yake, umeme wa nguzo una wake. Kifaa kinachoimudu paneli hakiimudu betri. Kinachoimudu betri hakisaidii kitu kwenye nguzo. Ukinunua breka moja ukaibandika ukutani ukasema kazi imekwisha, hujakata chochote, umepamba ukuta.

Tuanze na tulikotoka, kwa sababu makosa mengi ninayokutana nayo juu ya mabati yana historia.

Mwaka 1984, huko Meru, Kenya, Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi. Walimu walipoona taa zinawaka usiku, nao wakazitaka nyumbani kwao. Biashara ikaanzia huko, ikasambaa Kenya, ikavuka mpaka ikaja kwetu. Mnakumbuka sola za enzi zile, wazee? Paneli moja ndogo, betri ya gari, taa mbili tatu na televisheni ndogo. Volti 12. Unashika nyaya mbili kwa mikono mikavu na husikii kitu. Unasokota waya kwa vidole, unazungushia tepu, kazi imeisha. Unachomoa wakati wowote unaotaka. Swichi ni ile ile ya taa ya sebuleni. Na mambo yalikwenda, hatuwezi kusema hayakwenda.

Sasa hivi paneli moja inatoa wati 550. Mwenye nyumba wa Makambako anapandisha nane juu ya bati, na fundi anaziunganisha kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, mpaka mwisho. Paneli moja isipokuwa na mzigo ina volti karibu 50. Nane ni karibu 400. Volti 400 za DC, yaani umeme unaosukuma upande mmoja tu, ndugu zangu! Soketi ya ukutani ina 230. Paneli zimebadilika, lakini mikono inayozishika ni ile ile iliyozoea volti 12. Mnanifuata?

Nitawasimulia habari ya duka moja la vinywaji, njia ya kwenda Mafinga. Mtu sitamtaja. Alifungiwa paneli nane na inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa DC uweze kutumika nyumbani, ya kilowati 5, na fundi aliyemfungia alikuwa kijana hodari: nyaya zimenyooka, mabano yamekazwa, hakuna waya unaoning'inia. Kati ya paneli na inveta kijana akaweka breka. Breka gani? Hii hii tunayoweka kwenye meni swichi za nyumba, ampea 32, mpya kabisa, na ya kampuni yenye jina.

Miezi ikapita salama. Siku moja saa saba mchana, jua kali, friji zote zinafanya kazi, mwenye duka akataka kupangusa vumbi kwenye inveta. Akafanya kama alivyoelekezwa, akaishusha breka kwanza. Kijiti kikashuka. Umeme haukukatika. Ndani ya breka kukaanza sauti ya kukaangwa, kama samaki anapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Mwanga wa buluu ukatokeza kwenye upenyo wa kijiti, halafu harufu ya plastiki. Akajaribu kukipandisha, kikagoma, kwa sababu ndani kulikuwa kumeshayeyuka. Kilichoiokoa nyumba ni kwamba boksi lilikuwa la chuma na limefungwa kwenye tofali tupu. Breka iliungua mpaka nyaya zikaachana zenyewe.

Breka yenyewe ninayo hapa. Ipitisheni, kila mtu aishike. Itazameni usoni, pale kwenye namba. Mnaona imeandikwa 400, na pembeni yake kuna kimstari cha wimbi? Hicho kiwimbi ndicho alama ya AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa TANESCO. Itafuteni hiyo nyingine, ya mstari ulionyooka wenye vistari vidogo chini yake, au herufi DC. Hamtaziona. Breka haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Kwa nini ilishindwa? Vijana wa VETA, hapa sikilizeni. Umeme wa TANESCO ni wa AC wa hezi 50. Maana yake unageuka kwenda na kurudi, na katika kila sekunde moja unapita kwenye sifuri mara 100. Breka inapoachana midomo yake, cheche inazuka katikati. Cheche hiyo ikifika kwenye sifuri inazimika yenyewe, na midomo ikiwa imeshaachana vya kutosha haiwaki tena. Yaani umeme wenyewe unaisaidia breka. Umeme wa DC haupiti kwenye sifuri. Unasukuma upande mmoja tu, bila kupumzika. Cheche ikishazuka inabaki, hewa iliyo katikati inakuwa njia ya umeme, na joto lake linafika maelfu ya nyuzi. Shaba inayeyuka, sembuse plastiki!

Ndiyo maana swichi ya DC imetengenezwa tofauti ndani. Midomo yake inaachana kwa kasi na kwa umbali mkubwa zaidi, na nyingi zina sumaku ya kuisukuma cheche iingie kwenye vibamba vya chuma vinavyoikatakata na kuipoza. Na hiyo sumaku ina mtego wake. Breka nyingi za DC zimeandikwa alama za chanya na hasi. Ukiifunga kinyume, sumaku inaisukuma cheche upande usio na vibamba, inakwenda kuchoma mitambo ya breka yenyewe. Nimefungua boksi nyingi ambazo breka ni ya DC kweli, pesa imetumika kweli, lakini imefungwa kichwa chini miguu juu. Mwenye nyumba hawezi kujua. Inawasha, inazima asubuhi jua likiwa dogo, kila kitu kizuri. Itamsaliti siku atakayoizima saa saba mchana kwa dharura. Kwa hiyo fundi, soma alama. Tena upande wa betri usitumie kabisa breka yenye alama za chanya na hasi, kwa sababu pale umeme unakwenda na kurudi: mchana unaingia kwenye betri, usiku unatoka. Upande mmoja kati ya hizo mbili utakuwa kinyume tu.

Mimi binafsi upande wa paneli sipendi breka. Napenda aisoleta, yaani swichi ya kutenganisha kwa mkono, ya kuzungusha, ya DC, yenye namba ya kiwango IEC 60947-3 na neno DC-PV2 mwilini mwake. Inakatika kwa springi. Ukizungusha polepole au haraka, yenyewe inaachana kwa kasi ile ile. Mafundi wenzangu watabishana nami hapa, tutabishana wakati wa chai.

Kuna jambo la baridi, na nyinyi wa mkoa huu mnalihitaji kuliko watu wa Dar es Salaam. Volti iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa kwa nyuzi 25. Paneli ikipoa, volti inapanda, kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai, Njombe au Makete, nyuzi 5, jua ndiyo linachomoza. Tofauti ni nyuzi 20, kwa hiyo volti imepanda kwa asilimia 5 na ushee. Mtu ameunganisha paneli kumi kwa mfululizo, kila moja volti 49.5. Kwenye karatasi ni 495, na inveta yake imeandikwa mwisho 500. Amefurahi, amebakiza tano. Julai hiyo anafika 521. Hapo inveta inaweza kufa hata kabla hajanywa chai, na aisoleta ya volti 500 nayo imepitilizwa. Piga hesabu kwa asubuhi ya baridi kuliko zote unazozijua mahali pako. Hapa kwetu mnazijua, hamhitaji mtaalamu wa hali ya hewa.

Sasa nije kwenye jambo linalowashangaza mafundi wengi, hata wa siku nyingi. Mtu ananiambia, "Mzee, mimi upande wa paneli nimeweka fyuzi, niko salama, ikipiga shoti itakatika." Nami namuuliza: itakatika kwa nguvu ya nani? Paneli ya wati 550 ikifanya kazi kwa jua kamili inatoa ampea 13. Chukua nyaya zake mbili, zigusanishe, piga shoti kabisa. Itatoa 14. Basi! Jua haliwezi kutoa zaidi ya hapo. Fyuzi yako ni ya ampea 25. Mfululizo mmoja wa paneli unaweza kupiga shoti tangu asubuhi hadi jioni, waya unaliwa na cheche juu ya dari, na fyuzi imetulia haina habari.

Upande wa paneli, basi, unahitaji mahali pa kukata kwa mkono wako. Fyuzi inaingia pale mistari, yaani mifululizo ya paneli, inapokuwa mitatu au zaidi iliyounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kwa nini mitatu? Geuza paneli uangalie lebo ya nyuma. Kuna namba inayosema fyuzi isizidi kiasi gani, na kwa paneli hizi mara nyingi ni 25. Ukiwa na mistari miwili na mmoja ukapata hitilafu, mwenzake atausukumia ampea 14, paneli inavumilia. Ikiwa mitatu, miwili mizima inausukumia ule mbovu 28. Hiyo imepita 25, na paneli inaanza kuungua kwa umeme wa ndugu zake. Hapo kila mstari uwe na fyuzi yake. Chukua ile 14, zidisha kwa 1.56, unapata karibu 22. Fyuzi inayofuata sokoni ni 25, na haijapita namba ya lebo. Na iwe imeandikwa gPV, herufi hizo ndizo za fyuzi ya paneli. Fyuzi ya kioo ya redio iache kwenye redio.

Na tafadhali, konekta za paneli si swichi. Mwilini mwake kuna maandishi madogo ya kukataza kuzifungua wakati umeme unapita. Nimeona fundi amesimama kwenye ngazi, anachomoa konekta mchana kweupe, inveta inafanya kazi. Volti 400, mikono miwili, ngazi ya mbao. Zima vyombo, zima inveta, zungusha aisoleta, ndipo upande. Na hata ukishazungusha, jueni kwamba kutoka aisoleta kurudi kwenye paneli umeme bado upo. Jua halina swichi. Ukikata chini, juu bado kunawaka mpaka magharibi.

Mtu atauliza, basi si tuweke aisoleta juu kabisa, pale pale kwenye paneli? Swali zuri, na Australia wameshalijibu kwa gharama kubwa. Sheria zao za ufungaji zililazimisha aisoleta ya DC juu ya paa, karibu na paneli. Nia ilikuwa njema, mzimamoto akifika aweze kukata huko huko. Lakini swichi iliyokaa juani na kwenye mvua mwaka baada ya mwaka inachoka. Mpira unakauka, boksi linapasuka, maji yanaingia pale waya unapoingilia, na maji na volti 400 haviwezi kukaa chumba kimoja. Aisoleta zenyewe zikawa chanzo cha mioto mingi ya sola nchini kwao. Mwaka 2021 wakabadilisha kiwango, lazima hiyo ikaondolewa. Kwa hiyo ukiweka boksi nje, liwe kivulini, chini ya kibaraza, waya uingilie kwa chini na upinde kwanza kabla haujaingia, ili tone la maji lidondoke kwenye pindo lisiingie ndani. Hapa kwetu mvua inaanza Novemba mpaka mahindi yamekomaa. Waya unaoingilia kwa juu ni mfereji wa maji tu.

Nimekaa sana kwenye paneli. Nina sababu, huko ndiko ujinga wetu ulikozidi. Tushuke kwenye betri.

Kijana mmoja alikuwa na kibanda umiza. Mnavijua vibanda umiza. Naona vijana wanacheka, bila shaka wanavijua. Betri mbili za volti 12, ampea-saa 200, amezifunga kwa mfululizo kupata 24, inveta ya kilowati 3. Fundi wake alikuwa mtu wa maana, akamwekea fyuzi karibu na betri. Siku ya Simba na Yanga kijana akaongeza televisheni ya pili, spika kubwa, na friji ya soda. Mpira haujafika mapumziko, fyuzi ikakatika. Watu wameshalipa kiingilio, wanapiga kelele. Unadhani alifanya nini? Alichukua bolti ya chuma, akaifunga mahali pa fyuzi. Mpira ukaisha, watu wakaenda nyumbani, kijana akasifiwa kuwa fundi.

Bolti ikabaki pale. Hakuna aliyeikumbuka. Wiki zikapita, na waya wa chanya ulikuwa umelalia kona ya stendi ya betri, ile ya chuma cha pembe. Kila spika ilipotikisa kibanda, waya ulikuwa unajisugua. Asubuhi moja ganda likaisha, shaba ikagusa chuma, na ule waya wote, kutoka betri mpaka inveta, ukawaka ganda lake kwa mara moja. Turubai la dari likashika. Namshukuru Mungu ilikuwa asubuhi, kibanda kitupu.

Sasa nawauliza, fyuzi ilikuwa inalinda nini? Inveta? Televisheni? Hapana. Fyuzi inaulinda waya. Ikae karibu kabisa na mdomo wa betri, kwa sababu kipande chochote cha waya kilichopo kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Nikikuta fyuzi imefungwa kule kwenye inveta, mita mbili kutoka kwenye betri, najua aliyeifunga hakuulizwa swali hili.

Ukubwa wake unapatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Inveta ya wati 5,000 kwenye betri ya volti 48. Gawanya: ampea 104. Inveta nayo inapoteza kidogo, tuseme inatumia asilimia 90 tu ya inachovuta, kwa hiyo inavuta 116. Betri ikishuka hadi volti 44, inavuta 126. Basi fyuzi ya 160 inatosha: iko juu ya mahitaji, haitakatika ovyo. Na waya lazima uweze kubeba zaidi ya 160 bila kuungua. Kwa ganda la kawaida la PVC hapo unazungumzia milimita 50 za mraba. Ukiweka fyuzi ya 160 kwenye waya wa 16, umegeuza mambo. Waya ndio utakaokuwa fyuzi.

Halafu kuna namba ambayo karibu hakuna anayeisoma. Chukueni tena ile breka iliyoungua, iko wapi sasa? Kwa mama pale. Mama, hapo chini kuna kiboksi kidogo chenye namba ndani yake, tusomee. Elfu sita, ahsante. Hiyo inasema breka inaweza kukata shoti ya mpaka ampea 6,000, na ni kwa AC. Paneli tuliona haiwezi kutoa zaidi ya 14. Betri ya lithiamu ya volti 48 ukiipiga shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua, na ukizipanga tatu sambamba zinachangia zote. Fyuzi nyepesi za gari, zile za bamba linaloonekana kwenye plastiki, zimetengenezwa kwa volti 32. Ziwekwe kwenye 48, shoti kubwa itokee: bamba linakatika kweli, lakini cheche inaendelea kupita katikati, na kasha linaweza kupasuka. Kwa lithiamu tafuta fyuzi iliyojazwa mchanga ndani, yenye uwezo wa kukata kuanzia ampea 20,000, na volti zake za DC zimeandikwa. Mchanga unayeyuka kwa joto la cheche na kuizima. Muuzaji akikwambia, "Betri ina BMS ndani, fyuzi ya nini?", mwambie kwamba BMS, ile saketi ya kuilinda betri iliyo ndani yake, inakata kwa transista, na transista ikifa mara nyingi inakufa ikiwa imefunga, umeme unapita moja kwa moja.

Na vua pete. Vua saa. Spana izungushie tepu mpini wake. Betri ya volti 12 haitakurusha, lakini spana iliyolala juu ya midomo yake miwili inakuwa nyekundu, na pete ya ndoa haivuki kidole kilichovimba. Hilo nimelisema kwa haraka lakini mnajua linamaanisha nini.

Tumefika kwenye nguzo. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi.

Mwenye nyumba mmoja alikuwa na inveta isiyounganishwa na meni swichi. Umeme ukikatika, alikuwa na waya wenye plagi pande zote mbili: moja kwenye inveta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Anasifiwa na majirani. Siku moja laini ilizimwa kwa matengenezo. Fundi wa nguzo akapanda, na kwa bahati ni mtu wa kanuni, hashiki kabla ya testa. Testa ikalia. Laini imezimwa, lakini testa inalia! Umeme ulikuwa unatoka sebuleni kwa yule bwana, unapita kwenye mita ya LUKU kwa nyuma, unapanda nguzo. Aliposhuka, alikuja kugonga mlango akiwa anatetemeka, na sijui mngekuwa nyinyi mngesema naye lugha gani.

Na kama ingekuwepo transfoma njiani, volti hizo 230 zingepandishwa na kuwa maelfu upande wa pili. Transfoma haijali umeme umetokea upande gani.

Dawa yake ni chenji ova. Ya kuzungusha, yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, sola. Iwe ya aina ambayo kimwili haiwezi kufunga pande zote mbili pamoja, na ikate laini na nyutro zote mbili. Breka mbili zilizopangana na maelekezo ya mdomo kwamba "ukipandisha hii ushushe ile" hazitoshi, kwa sababu siku moja atakayewasha ni mgeni. Inveta za kuunganishwa na gridi zinajizima zenyewe nguzo ikifa, hiyo ni kazi waliyofundishwa kiwandani. Inveta ya betri inayowasha nyumba wakati umeme umekatika haiwezi kujizima, maana kazi yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo chenji ova ni juu yako wewe fundi.

Radi na ethi sitazigusa leo. Ni siku nzima hiyo, na radi za hapa zinastahili heshima yake.

Wenye nyumba, mliokaa kimya muda wote mkidhani ni maneno ya mafundi, neno langu kwenu ni la vitendo. Fundi akimaliza kazi, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho, mwambie akuzimie sola yote mbele yako, kisha akuache wewe uizime peke yako. Ukishindwa, hajamaliza. Mwambie aandike kwa rangi isiyofutika juu ya kila kikatio: PANELI, VOLTI 400 DC. BETRI. TANESCO. Kwa Kiswahili, ili msichana wa kazi na mtoto wa shule waweze kusoma. Ukipiga 114 kwa Zimamoto, jambo la kwanza uwaambie ni kwamba nyumba ina sola, na kikatio kiko wapi. Wasipoambiwa watakata umeme wa nguzo na kudhani bati ni salama kulimwagia maji na kulikanyaga. Marekani, kanuni zao za umeme za toleo la 2017 ziliweka njia ya kushusha volti za nyaya za paneli juu ya paa mpaka 80 ndani ya sekunde 30, kwa ajili ya mzimamoto tu. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo mdomo wako na maandishi ya ukutani ndiyo kinga yake.

Na kama leo ukifika nyumbani ukakuta breka yenye kiwimbi upande wa paneli, usiikimbilie kuizima mchana huu. Zima kwanza vyombo, halafu inveta kwa swichi yake, iache breka ilivyo. Subiri giza kabisa liingie, ndipo uishushe. Kesho mtafute fundi aje aibadilishe kabla jua halijachomoza.

Nimeambiwa chai imeiva. Lakini nje, pale chini ya mwembe, nimeweka paneli nne, mzigo wa kupashia joto, breka moja ya AC na aisoleta moja ya DC, zote ndani ya sanduku la chuma lenye kioo. Tutazizima moja moja mkiangalia, na mtasimama nyuma ya kamba, hata wewe mwenye fulana nyekundu. Kabla ya hapo, maswali. Mzee uliyenyoosha mkono kule nyuma tangu nilipotaja bolti, anza wewe.